Kuondoa ukungu kwenye taa za mbele za gari, na kuzuia usirudi

Ukipeleka gari kuoshwa Nairobi na taa zake za mbele ziwe zimekuwa njano, hutakosa kijana atakayekuja na ofa. Anazipitisha msasa haraka haraka, anapaka kolgeti, anafuta, na kabla boneti haijakauka taa zinang'aa. Miezi miwili au mitatu baadaye ukungu umerudi, mara nyingi mbaya kuliko ule wa kwanza. Hakukulaghai, taa ziling'aa kweli. Ila pamoja na ukungu aliondoa pia mabaki ya kinga ya kiwandani, akaiacha plastiki juani bila kitu juu yake. Kung'arisha ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Pesa na subira zinahitajika kwenye sehemu inayofuata, ya kurudisha kinga, na wengi huiruka.

Kinachoharibika

Lenzi ya taa ya gari la siku hizi si kioo. Peugeot 504 na Land Rover za zamani zilikuwa na kioo halisi, ndiyo maana hazikupata ugonjwa huu. Magari ya sasa yana polikaboneti, plastiki nyepesi ambayo kokoto ya lori ikiigonga haivunjiki vipande. Plastiki hiyo ina udhaifu wa aina mbili: hukwaruzika upesi, na haistahimili miale ya urujuanimno ya jua. Kwa hiyo kiwandani hupakwa utando mgumu wa kinga, mwembamba kuliko unywele, wenye dawa ya kufyonza miale hiyo. Dawa huchoka miaka ikipita. Utando unaanza kufifia, unapasuka mipasuko midogo, unabanduka kwa mabaka, kisha jua linaifikia plastiki yenyewe na kuigeuza njano. Vumbi la barabarani na matambara makavu ya kufutia vinasaidia kuumaliza.

Watu wengi hudhani gari la Mombasa ndilo litakaloumia zaidi kwa sababu kule kuna joto. Joto na urujuanimno si kitu kimoja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 1 hivi kusini mwa ikweta, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya asubuhi na mawingu mepesi haviizuii. Gari linaloegeshwa uwanjani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki, linaipokea yote. Jua letu hupita karibu na utosi, kwa hiyo ukichunguza utaona ukungu huanzia ukingo wa juu wa lenzi, pale inapolala kuelekea boneti. Taa zilizolala nyuma kama za Vitz, Demio au Note huumia kabla ya taa iliyosimama wima.

Kuna jambo lingine linalohusu magari ya kutoka Japani hasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi hununua la miaka 7 kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Gari la umri huo likifika Mombasa na taa kama mpya, huenda zilipigwa polishi kabla ya kupakiwa melini. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na lenzi ili mwanga upite kwa mshazari. Ukiona mikwaruzo myembamba ya mviringo, na kwenye pembe ambapo lenzi inaingia chini ya bampa pamebaki umanjano, taa hizo zimeshachezewa. Si sababu ya kuliacha gari, lakini zipake kinga mara moja, kabla hazijaanza kufifia upya.

Pima kabla ya kununua msasa

Mwagia lenzi maji na uitazame ikiwa bado mbichi. Maji hujaza mikwaruzo ya juu, kwa hiyo kama taa inaonekana safi ikiwa imelowa na ukungu unarudi ikikauka, tatizo liko nje na msasa utalimaliza. Kama ukungu unabaki vilevile chini ya maji, uko upande wa ndani, au ni mipasuko iliyoingia kina kirefu kwenye plastiki. Mipasuko hiyo utaitambua kwa tochi: ni mistari mifupi inayometa ndani ya lenzi, ambayo kucha haiigusi. Hiyo haiondoki kwa msasa. Ukiikimbiza utaikondesha lenzi bure.

Matone ya maji ndani ya taa ni shida tofauti. Kila taa ina vitundu vya kupumulia upande wa nyuma, vyenye kofia ndogo ya mpira au kipande cha sponji. Vikizibwa na matope, au kifuniko cha balbu kikiachwa wazi na fundi aliyebadilisha balbu kwa haraka, unyevu huingia na hautoki. Rekebisha hilo kwanza. Kung'arisha nje ya taa yenye maji ndani ni kupoteza Jumamosi.

Angalia pia kiakisi, ile sahani ya fedha nyuma ya balbu. Ikiwa imebabuka au imekuwa ya kijivu, lenzi safi haitakurudishia mwanga. Mara nyingi hayo hutokana na balbu za wati 100 zinazouzwa kama suluhisho la taa dhaifu. Taa iliyoundwa kwa balbu ya H4 ya wati 60/55 haikuundwa kwa joto hilo, na soketi ya nyuma huyeyuka mapema kuliko unavyotarajia.

Vifaa

Unataka msasa wa maji, ule mweusi au wa kijivu wenye karatasi isiyoyeyuka ikilowa, wa namba 600, 800, 1000, 1500, 2000, na 3000 ukipatikana. Karatasi moja ya kila namba ukiikata nusu inatosha taa mbili. Namba za chini zipo katika hadiwea yoyote ya mtaani. Kuanzia 2000 kwenda juu nenda kwenye maduka ya rangi za magari, kama yale ya Kirinyaga Road au Industrial Area. Ongeza tepu ya karatasi ya wapaka rangi, chupa ya kupulizia maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kipande cha sponji kigumu kidogo cha kushikia msasa, vitambaa viwili vya maikrofaiba ambavyo havijawahi kugusa nta ya gari, glavu, na kompaundi ya kung'arishia yenye chembe laini. Maji: ndoo mbili za lita 10 zinatosha, hata wiki ya mgao.

Kwa kusafishia mwisho tumia spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Soma chupa ya duka la dawa kabla ya kulipa, maana spiriti nyingine huongezwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo ndiyo yatakayofanya kinga yako isishike. Tone moja kwenye kioo cha dirisha litakuambia: likikauka na kuacha alama ya mafuta, hiyo ni ya vidonda.

Usitumie thina, asitoni, petroli wala maji ya breki hata kwa kufuta mara moja. Polikaboneti iliyofinyangwa hubaki na mkazo ndani yake, na vimiminika hivyo vikiigusa huachilia mkazo huo kwa namna ya mipasuko midogo kama utando wa buibui. Wakati mwingine huonekana papo hapo, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau ulichofutia.

Msasa

Fanya kazi kivulini, lenzi ikiwa ya baridi. Osha taa na eneo lote linaloizunguka, halafu ziba rangi ya gari kwa tepu: boneti, fenda, bampa, mpaka ukingoni mwa lenzi. Piga tabaka mbili. Msasa wa namba 600 hutoboa tabaka moja bila wewe kusikia, na rangi ya ukingo wa fenda ni nyembamba kuliko unavyodhani. Kama taa inatoka kwa boliti tatu nne bila kushusha bampa, itoe. Utafanya kazi vizuri zaidi mezani, hasa ikiwa utapuliza klia, ile rangi ya uwazi ya kukinga, baadaye.

Loweka misasa yote robo saa katika maji yenye matone machache ya sabuni. Kisha amua uanzie wapi. Lenzi yenye ukungu mwepesi, isiyobanduka, ianzie 1000. Yenye umanjano na ngozi inayochanika ianzie 600, na ikikataa kabisa shuka hadi 400, ila ujue utalipia mikwaruzo yake kwa muda mrefu. Kosa la kawaida ni kuanza na namba laini kwa kuogopa. Unasugua 1500 nusu saa, utando wa zamani umekaa palepale, mkono umechoka, ndipo unaamua kwamba haiwezekani.

Sugua kwa mistari iliyonyooka ya kulala, ukilowesha kila wakati, kwa uzito wa mkono tu. Maji yatakayotiririka mwanzoni yatakuwa ya manjano. Huo ndio utando unaooza. Endelea mpaka yawe meupe mfululizo, halafu osha, kausha kwa kitambaa na utazame. Lenzi iliyokamilika hatua hii huwa butu na nyeupe kwa usawa kutoka pembe hadi pembe. Popote panapong'aa kama kisiwa pana utando wa zamani uliobaki, na ukiuacha, mpaka wake utaonekana chini ya kinga mpya na klia itabandukia hapohapo. Ukingo wa juu na zile pembe zilizojikunja ndizo zinazosahauliwa. Hatua hii ya kwanza ndiyo ndefu. Dakika 10 hadi 15 kwa taa moja si nyingi.

Namba inayofuata, badilisha mwelekeo: kama 600 ulikwenda kwa kulala, 800 nenda kwa kusimama. Sababu yake ni ya macho tu. Mikwaruzo ya zamani itajionyesha ikikatiza mipya, na hutahama namba mpaka iishe. Kila unapobadilisha namba, osha lenzi, sponji na mikono, na umwage maji ya zamani. Chembe moja ya 600 iliyojificha kwenye sponji itachora mstari ambao utauona mara tu utakapofika kwenye polishi, na itabidi urudi hatua tatu nyuma. Kuruka namba nako hakuokoi muda: 2000 haiwezi kufuta mkwaruzo wa 800, inaung'arisha tu.

Ukifika hapa kazi inagawanyika, na lazima ujue mapema unaelekea wapi. Kama utapuliza klia, simama kwenye 1000. Usiing'arishe. Klia inahitaji mikwaruzo hiyo ili ishike, na ikishapakwa itaijaza na lenzi itakuwa wazi. Watu hufika 3000, wanapiga polishi mpaka lenzi inameta, halafu wanapuliza klia juu yake, kisha wanashangaa inapobanduka kama karatasi baada ya msimu mmoja wa mvua. Lakini kama utapaka kinga ya kufuta kwa kitambaa, au utabandika filamu, endelea na 1500, 2000, 3000, na umalizie kwa kompaundi.

Kompaundi kwa mkono inawezekana, ila inachosha na hupati usawa. Drili yenye sponji ya inchi 3 hufanya kazi ileile kwa dakika 5. Iendeshe mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, isiwe zaidi, na usiisimamishe mahali pamoja. Plastiki ikipata joto huwa nyororo na sponji huivuta, ikabaki na alama za mawimbi ambazo ni lazima zirudishwe msasani. Weka kiganja kwenye lenzi kila baada ya nusu dakika. Ikikuchoma kidogo, pumzika.

Kinga

Nta ya kawaida ya gari itakupa wiki nne hadi sita. Ni kazi ya kurudia kila mwezi, na hakuna anayeirudia.

Kinga ya kufuta, yaani kile kimiminika cha kifurushi kidogo au chupa kilichoandikwa kwamba kinazuia urujuanimno kwenye taa, ndiyo ninayompendekezea mtu asiye na uzoefu wa kupuliza rangi. Safisha lenzi kwa spiriti mara mbili, kila mara na upande mpya wa kitambaa. Usiiguse tena kwa kidole. Paka kutoka juu kwenda chini au kushoto kwenda kulia, mstari mmoja unaofunika ukingo wa mwingine, na usirudi nyuma. Baada ya dakika 2 au 3 kimiminika huanza kukaza; ukirudia pale ulipopita kitambaa kitakivuta na kuacha makunyanzi. Umeacha pengo? Liache, subiri ikauke kabisa kama chupa inavyosema, ndipo upake tabaka la pili. Isiguswe na maji kwa saa 24. Tarajia mwaka mmoja hivi kwa gari linalolala nje, halafu unapitisha 2000 na 3000 kidogo na kupaka tena. Hakuna haja ya kurudi 600.

Klia ya sehemu mbili, ile yenye hadina ya kukazia, ndiyo inayokaribia zaidi kinga ya kiwandani na hudumu miaka kadhaa ikipakwa vizuri. Inapatikana ya kuchanganya kwa ajili ya bunduki ya rangi, na ipo ya kopo la kupuliza lenye kitufe chini: unakibonyeza, hadina inaachiliwa ndani, unatikisa dakika 2, na kuanzia hapo kopo lina saa chache au siku moja mbili kabla halijaganda. Klia ya kopo ya bei rahisi isiyo na hadina isikutamanishe. Huwa njano yenyewe, hubanduka, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko ile uliyoanza nayo.

Hadina hiyo ina kemikali iitwayo isosayaneti. Barakoa ya hospitali wala kitambaa havisaidii chochote. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye chujio za mkaa za mivuke pamoja na za chembechembe, miwani, glavu, na upepo wa wazi. Mtu akishaathirika mapafu kwa isosayaneti anaweza kupata pumu inayomrudia kila anapokaribia rangi. Kama unaishi ghorofani Kasarani au Umoja na maegesho ni ya pamoja, watoto wanacheza kando na gari la jirani liko mita mbili, usipulize hapo. Toa taa, zipige msasa nyumbani, uzipeleke kwa fundi wa rangi mwenye chumba azipulize klia pamoja na kazi nyingine anayoifanya siku hiyo. Kwa taa mbili hatumii zaidi ya mililita 100 za mchanganyiko, kwa hiyo elewaneni bei kwa msingi huo. Mwambie tu mambo mawili: asifute lenzi kwa thina, na tabaka la kwanza liwe jepesi.

Sababu ya tabaka jepesi ni ileile ya mipasuko. Klia mbichi ina viyeyushi, na ukiimwaga nzito mara moja viyeyushi hivyo hukaa juu ya polikaboneti muda mrefu na kuipasua. Puliza kwanza ukungu mwembamba ambao haufuniki lenzi yote, ukiwa sentimita 15 hadi 20 mbali. Subiri dakika 5 hadi 10. Kisha tabaka mbili kamili, na muda uleule kati yake, mkono ukianza kabla ya lenzi na kumaliza nje yake. Toa tepu baada ya nusu saa, ukiikunja nyuma, kabla klia haijakaza na kushikana nayo. Acha saa 24 kabla ya kuifunga garini.

Hali ya hewa ni mshirika mgumu. Julai Nairobi asubuhi inaweza kuwa nyuzi 12, na klia nyingi hazitaki chini ya 15. Subiri saa tano au sita mchana. Siku ya mvua iache kabisa, kwani unyevu ukinaswa kwenye klia huifanya iwe na weupe wa maziwa. Vumbi nalo, mji ukijengwa kila upande, halikwepeki: mwagia sakafu maji kabla ya kupuliza. Chembe chache zikikaa juu, usizing'oe kwa kucha. Ngoja siku mbili, zipitishe msasa wa 3000 na polishi. Hivyo hivyo kwa mchirizi uliotiririka, na kwa uso uliovimbavimba mfano wa ganda la chungwa, ambao maana yake ulisimama mbali mno au ulipuliza tabaka kavu.

Vishimo vya mviringo vinavyofunguka klia ikiwa bado mbichi, kana kwamba inakimbia kitu, ni silikoni. Nayo hutoka wapi? Kwenye ile dawa ya kung'arishia tairi na dashibodi, ambayo hupulizwa ovyo mwisho wa kuosha gari na kutua kila mahali, taa zikiwemo. Ndiyo maana kuosha kunakuja kabla ya msasa, si baada yake: ukianza kusugua juu ya silikoni unaisukumia ndani ya mikwaruzo.

Filamu ya kinga, ile nene ya uwazi inayobandikwa na mafundi wa tinti, ni chaguo zuri kwa mwenye bajeti. Lenzi iwe imeng'arishwa hadi 3000 kwanza, kwa sababu filamu haifichi mikwaruzo. Faida yake ni kwamba ikichoka unaibandua na kubandika nyingine, plastiki haiguswi tena. Filamu ya moshi iache. Umetumia siku nzima kurudisha mwanga, halafu unauziba.

Njia za mkato

Kolgeti ni kompaundi hafifu, basi. Kwa ukungu mwepesi inafanya kazi, na bila kinga juu yake haidumu. Dawa ya mbu ya kupuliza ni mbaya zaidi: ile yenye kiambato cha DEET huyeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana ukungu unatoweka mbele ya macho yako, na uso uliolainika hukauka ukiwa dhaifu na kuanza kupasuka. Mafuta ya kulegeza kutu hujaza mikwaruzo tu mpaka mvua inayofuata.

Kisha kuna kikombe cha umeme kinachotoa mvuke. Video zake zinavutia, taa butu inageuka kioo kwa sekunde 30. Kimiminika kilichomo mara nyingi ni dikloromethani au klorofomu, na kinachotokea ni uso wa lenzi kuyeyuka na kujisawazisha. Mvuke huo ni sumu kwa anayeuvuta, hakuna kinga ya jua inayobaki, na lenzi iliyopitishwa mvuke mara mbili tatu hujaa mipasuko ambayo hakuna msasa utakaoifikia. Akija nacho kijana wa kuosha gari, mwambie hapana.

Ikishindikana

Lenzi yenye mipasuko ya ndani au kiakisi kilichobabuka ni ya kubadilishwa. Taa za mtumba kutoka Japani zinafaa, kwa sababu wao pia huendesha upande wa kushoto na mwanga wake umekatwa kwa upande wetu. Taa iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kama lililoundwa kwa soko la Dubai, inaingia bila shida kwenye modeli nyingi lakini mwanga wake hupanda kulia, machoni mwa anayekuja. Kabla ya kulipa, ifanyie vipimo vile vya maji na tochi, angalia kama masikio ya kufungia boliti ni mazima au yameunganishwa kwa gundi, na udai risiti, maana taa za kuibwa zinauzwa pia.

Iwe umesafisha au umebadilisha, maliza kwa kupima mwelekeo. Jaza upepo wa tairi, mtu mmoja akae kiti cha dereva, egesha mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya balbu kutoka ardhini, weka alama hiyo ukutani, halafu nyingine sentimita 5 hadi 7 chini yake. Washa taa za chini, sio fulu. Mstari wa juu wa mwanga ukae kwenye alama ya chini, na sehemu inayopanda iwe upande wa kushoto. Skrubu ya kurekebisha iko nyuma ya taa, nyingi ni za plastiki zilizokauka, kwa hiyo zizungushe polepole nusu duara nusu duara. Lenzi ilipokuwa na ukungu ilitawanya mwanga kiasi kwamba taa iliyoelekea juu haikumsumbua mtu. Sasa itamsumbua kila dereva unayepishana naye Southern Bypass usiku.